Pima Moja ya Filamu

Nakumbuka Jumanne moja mchana, mwanangu, niko peke yangu katika chumba cha mashine cha sinema ya Kitale, nimekunja mikono ya shati, najiona fundi ambaye Trans-Nzoia nzima haina mwingine kama yeye. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Katika umri huo mtu hudhani kila alichokikuta duniani kilikuwa kikimngoja yeye aje akirekebishe.

Wewe hukuwahi kukiona chumba kile. Jengo bado limesimama, ila siku hizi chini wanauza mbolea na mbegu, na juu, zilipokuwa mashine, nasikia wamepanga magunia. Nikipita pale hupunguza mwendo, na wenye bodaboda wananipigia honi. Waache wapige. Mimi natamani harufu ya chumba kile, ya mafuta ya mashine na vumbi lililopata moto, na sioni haya kusema kwamba kuna siku hamu yake hunibana kifua.

Projekta zilikuwa mbili, ndefu kuliko mimi, kila moja ina bomba la kutoa moshi, kwa sababu mwanga wake ulitoka kwenye vijiti viwili vya makaa vilivyowaka kwa umeme. Picha moja nzima ilikuja katika mikebe mitano au sita, kila mkebe na rili yake ya filamu. Rili ya kwanza ikikaribia kwisha, kidoa cha duara hutokea kwenye kona ya picha, juu kulia. Hapo unawasha mashine ya pili. Kidoa kikitokea tena, unahamisha picha kutoka mashine hii hadi ile, na watu waliokaa chini hawajui kitu. Ukichelewa kidogo tu, watapiga mbinja na kutaja ukoo wako. Niliipenda kazi hiyo kuliko chakula.

Aliyenifundisha ni fundi mkuu, Mzee Barasa, mtu wa Sirisia. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na katika hayo machache r na l zilibadilishana viti. Mkewe alikuwa amefariki kabla mimi sijaajiriwa. Hilo nililijua, lakini sikuwahi kuuliza zaidi. Vijana hatuulizi, tunangoja kuulizwa sisi.

Sasa, kabla ya picha kubwa tulikuwa tunaonyesha filamu fupi ya kilimo cha mahindi. Ilipigwa Mabanga, kwenye chuo cha wakulima upande wa Bungoma, siku ya mafunzo ya kina mama. Watu walikuwa wameiona mpaka wameihifadhi, lakini Mzee Barasa hakukubali iachwe. Katikati yake palikuwa na mahali kina mama wamekaa chini wanapukuchua mahindi, na hapo filamu ilikuwa imechakaa vibaya. Picha ilijaa mikwaruzo kama mvua, na vile vitundu vya pembeni vinavyoshikwa na meno ya mashine vilikuwa vimepasuka. Kwingine kote ilikuwa nzima. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye sifa.

Jumamosi moja, ukumbi umejaa, filamu ikakatika pale pale penye ubovu. Mbinja zikalia. Mtu akapiga kelele, "Fundi, umelala ama umekufa?" Watu wakacheka, na mimi nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumanne ile Mzee Barasa alikuwa amekwenda kwao kupalilia. Nikaitoa rili, nikaizungusha kwa mkono juu ya meza mpaka nikafika kwenye ule ubovu. Nikanyoosha mikono yote miwili na kuupima. Ulikuwa pima moja kamili, kitu ambacho kwenye mashine hupita kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Nikakata, nikakwangua ncha, nikapaka gundi, nikabana. Kile kipande nikakipeleka nyuma ya jengo nikakichoma, maana Mzee Barasa mwenyewe ndiye aliyenifunza kwamba vipande vya filamu havilali kwenye chumba chenye moto. Kanuni zote nilizifuata, mwanangu. Sikukosea hata moja.

Kesho yake mzee akarudi. Akavua koti, akaiweka filamu ile kwenye mashine ilhali ukumbi hauna mtu. Mimi siku hiyo nilikuwa nimewahi kazini, natia mafuta mashine ya pili, na sikuwa nimewahi kumwona akifanya hivyo. Akasimama kwenye kidirisha. Baada ya muda akazima, akairudisha nyuma kwa mkono, akaicheza tena. Akazima tena.

"Hapa kumeenda nini?" akauliza.

"Ile sehemu mbovu, Mzee? Nimeikata. Si ilituaibisha Jumamosi?"

Akaishika filamu, akapitisha kidole pale nilipounga. "Umefanya kazi safi," akasema. "Hata kiungo hakisikiki." Kisha akauliza, "Na kipande kiko wapi?"

"Nimekichoma. Si wewe ulinifunza?"

"Ndiyo. Ni mimi nirikufunza."

Akakaa juu ya mkebe. Nikadhani amechoka na safari. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Ule mama arikuwa anacheka, mwenye mahindi kwa mapaja, ni bibi yangu, Nekesa. Picha ingine yake sina, kijana. Hata moja. Hiyo firamu haikuharibika bure. Ni mimi nirikuwa nairudisha, kira siku, mbere ya watu kuja."

Nilitamani anipige. Angenipiga ningejua pa kuanzia kuomba msamaha.

Kulipokucha nikapanda gari la Bungoma, nikaenda Mabanga kutafuta kopi nyingine. Bwana niliyemkuta pale alinisikiliza vizuri, akanitafutia kabati baada ya kabati, mwisho akaniambia kopi iliyokuwa Kitale ndiyo iliyobaki. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikarudi mikono mitupu, na mzee akanipokea kwa salamu ya kwao tu, ya kutakiana amani. "Mulembe, kijana. Umekula?"

Hakunifukuza, wala hakunisema kwa mtu. Filamu tukaendelea kuionyesha. Ikifika pale nilipounga, picha iliruka kutoka kwa kina mama waliokaa chini hadi gunia linaloshonwa mdomo, na kila siku, dakika hiyo, Mzee Barasa aliweka chini chochote alichoshika akaenda kwenye kidirisha. Alisimama kuangalia mahali pasipokuwa na kitu. Mimi nilijifanya nakagua vijiti vya makaa, nikilia.

Miezi ikapita. Siku moja tunakunywa chai kabla ya watu kuingia, akaniuliza, "Wewe, hiyo firamu umeiona mara ngapi?"

"Aa, Mzee, mamia."

"Nekesa akicheka, arikuwa anafunika mdomo na mkono gani? Mimi nimeanza kusahau."

Mwanangu, nikaweka kikombe chini. Mikwaruzo ningemhesabia. Ningemwambia ni vitundu vingapi vilipasuka upande wa kushoto na vingapi upande wa kulia. Lakini uso wa mama yule, uliopita mbele yangu mamia ya mara, sikuwa nimeutazama hata siku moja. Nikafikiria kudanganya. Kusema "kulia" kungemtosha, na nani angejua? Ulimi ukakataa.

"Sijui, Mzee," nikasema. "Nilikuwa naangalia mikwaruzo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. "Basi kunywa chai, itapoa."

Hilo ndilo karipio lake, na sijapata jingine zito kuliko hilo. Baadaye video zikaingia mjini, sinema ikafungwa, Mzee Barasa akarudi Sirisia, na huko ndiko alikozikwa, kando ya Nekesa. Nilikuwepo. Walipotuita tumwage udongo, nilitaka kumwambia Nekesa anifahamu mimi ni nani, na anisamehe. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na huyu wangu amekataa kuondoka nyumbani.

Kwa hiyo nikuambie wazi. Utaingia kazini, au utaingia kwenye nyumba ya watu, na utakuta kitu kibovu kimeachwa vivyo hivyo, na utaona wenyeji ni wazembe. Usikimbilie mkasi. Kuuliza si ujinga. Pengine ni uzembe kweli, basi rekebisha, sikukatazi. Lakini pengine kuna mtu anapashika pale kila siku, na hapo ndipo pekee aliposaliwa napo. Na unapofanya kazi yako, hata uwe bingwa wake, inua macho umtazame mtu aliye ndani yake. Ubovu hautakukimbia. Mtu hupita.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isikose kazi. Akujalie watu wa kupenda, na akupe nafasi ya kuwatazama usoni wakiwa bado wanacheka. Nenda na mulembe.