Wimbo Mbele ya Serveri

Leo nimemusimamisha wima sitwayen fundi, mwananchi wa Kinshasa, na sina huruma hata kidogo.

Naandika ndani ya faili yetu ya wote. Ndiyo, inafunguka!

Munamujua yule fundi aliyetuwekea sistemi mupya kwenye serveri, mashine inayochunga faili zetu. Siku ya kwanza aliniona nawasha boksi ya rezo, ile inayounganisha mashine zetu, naenda kuimba kwa bendera, narudi, njo nawasha serveri.

Alinicheka mbele ya ofisi nzima: «Mama Asina, hii mashine haina mizimu. Washa vyote pamoja!»

Ndiyo, sitwayen.

Siku tatu niliwasha vyote pamoja: serveri inawaka, lakini faili hakuna. Mimi nilikula karanga zangu.

Leo direkta akaniita. Nikazima vyote, nikawasha boksi, nikaanza wimbo ya taifa.

Wimbo ile, hakuna mwenye kuketi. Direkta akasimama. Fundi akasimama, jasho puani, ndani ya koti yake ya abakosti ya sufu na joto hii ya Kindu. Niliimba yote, polepole, hata maneno yale watu wanasahau.

Halafu nikawasha serveri. Faili zote hizi hapa.

Sistemi mupya inaamuka mbio, boksi bado. Ikikosa rezo, inafunga faili. Wimbo moja njo muda wa boksi kuamuka, basi.

Nilipita kiasi? Mujibu hapa chini.

Direkta amemuamuru fundi aandike njia kwa mukono yake, abandike kwa mulango. Nendeni musome:

«Washa boksi. Imba. Washa serveri.»

Ametia saini.