Amonia Ambayo Sikuinusa

Binti yangu alinunua beta wawili siku moja, kwa muuzaji mmoja, akawabeba kwenye mifuko miwili ya nailoni. Mmoja akampelekea yule mwanamume wa Majengo anayeishi na mama ya huyu binti. Wa pili akaniletea mimi Huruma, orofa ya tatu, pamoja na tangi dogo la kioo na mawe ya kutandika chini yake. Alipitia kule kwanza. Hakuniambia, lakini nilijua, kwa sababu nilipomwekea chai na mkate alisema ameshashiba, na alikuwa ananukia pilau.

Wangu alikuwa wa buluu, mkia umetanda kama leso kwenye kamba siku ya upepo. Wa kule alikuwa mwekundu.

"Huyu ni wako, Baba," akasema. "Daktari si alisema utafute kitu cha kukutuliza?"

"Na yule wa Majengo, yeye anatulizwa nini?"

"Baba, usianze."

Kwa asiyemjua, beta ni samaki mdogo, urefu wa kidole tu, na dume hakai na dume mwenzake. Ukiwatia pamoja wanararuana mpaka mmoja afe. Nilipoelezwa hivyo nikampenda palepale. Niliona ni samaki mwenye akili.

Habari ya daktari ni hii. Nilifanya kibarua miaka mingi katika stoo moja ya baridi Industrial Area. Nilikuwa nikienda kwa miguu kutoka Kwa Reuben, kabla sijahamia Huruma. Mitambo ya kugandisha ilitumia amonia. Siku bomba lilipopasuka tulikuwa ndani, na mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Aliyeufunga ni foreman wetu, na ufunguo alikuwa nao mfukoni kantini akinywa chai, kwa sababu alisema sisi vibarua tunatoka na minofu kwenye buti. Simsingizii. Jina lake nalijua na uso wake naujua, hapa nimemtaja kwa cheo chake tu. Wenzangu wawili hawakutoka. Mimi nilitoka na macho yanayochuruzika mpaka leo, na kifua kinachopiga filimbi nikipanda ngazi.

Mama ya binti yangu alivumilia kikohozi changu mwaka mzima, halafu akahamia Majengo kwa huyo mtu wa Pwani mwenye duka la mchele. Huyo bwana naye namweka kwenye orodha ya walionikosea, chini ya foreman. Wakati ule nimelala siwezi kunyanyua kikombe, ndiye aliyekuwa akituletea unga na dawa ya kifua. Mimi nilikuwa namshukuru. Namshika mkono kwa mikono yangu miwili, nasema Mungu akubariki ndugu yangu. Mungu akambariki kweli.

Basi tukawa na beta wawili, na kila Jumapili binti yangu akija ananionyesha picha za yule mwekundu kwenye simu. Hakuwa na ubaya, alidhani nafurahi. "Cheki mkia, Baba. Cheki vile amefunguka." Nacheki. Mkia umefunguka kweli, na nyuma ya kioo naona kidole cha yule bwana, kina pete.

Nikaamua wangu atamshinda. Muuzaji alikuwa amesema punje mbili za chakula kwa siku. Mimi nikampa asubuhi, mchana na jioni, tena si punje tu. Nilisaga omena nikamnyunyizia kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga. Asipomaliza, chakula kinazama, kinakaa chini kama ukoko. Nilisema atakirudia akisikia njaa.

Na maji sikubadilisha. Hapa lazima mtu awe ameishi Huruma ndipo aelewe. Maji ya bomba kwetu yanakuja Jumanne, na Jumanne nyingine hayaji. Maji ya kuoshea mchele tunaloweka nguo, ya kusuuza nguo tunapiga deki, ya deki yanaingia chooni. Nani atamwaga maji yanayoonekana safi, eti kwa sababu samaki ameyakalia? Kila yalipopungua nilikuwa naongezea kikombe, kama anayechemsha maharagwe. Niliona naweka akiba.

Wiki ya tano mkia ukaanza kuchanika. Mara ya kwanza ilikuwa ncha tu, kama pindo lililofumuka. Baada ya siku chache mapezi yote yalikuwa kama pazia lililoliwa na panya, kingo zake nyekundu, mahali pengine nyeusi. Akawa anakaa juu, mdomo nje, anahema. Kuhema kule nakujua. Nami nahema hivyo nikifika orofa ya tatu.

Nikatafuta aliyemfanyia hivi. Nilianza na muuzaji. Nilikwenda mpaka kwenye kibanda chake.

"Umemuuzia binti yangu samaki mzee," nikamwambia.

"Niaje, buda. Mzee kivipi? Wote wawili walitoka kwa ndoo moja."

"Na mbona wa kule anang'ara?"

"Si basi uulize wa kule anamfanyia nini."

Watu waliokuwa pale wakacheka. Nikaondoka. Aliyefuata alikuwa keateka, mwangalizi wa ploti yetu, aliyekuwa amepuliza dawa ya mende kwenye korido. Aliniapia kwamba kwangu hakupuliza kwa sababu sikumfungulia, na ni kweli sikumfungulia. Nikabaki na mtu mmoja. Nikajiambia: beta walifika Majengo wakiwa wawili, yule bwana akawatazama, akachagua mzima, nikaletewa mabaki. Si mara yake ya kwanza kuchagua kilicho changu.

Jumapili binti yangu akaja, akainama kwenye kioo.

"Baba, huyu anaumwa."

"Alikuja hivyo."

"Hakuja hivyo. Nilimtumia Mzee picha yake wiki jana. Amesema inakaa kama amonia imejaa kwa maji."

Mimi ananiita Baba, yule anamwita Mzee, na tangu zamani nimekuwa nikihesabu hilo kama ushindi wangu. Lakini siku hiyo halikunisaidia. Amonia. Nifundishwe amonia na muuza mchele. Nikamwambia amonia naijua kuliko mtu yeyote aliye hai kati ya Mathare na Mukuru. Amonia inachoma macho, inakaba koo, inakuangusha magoti. Nikaweka pua juu ya maji, nikavuta mpaka nikakohoa.

"Haya, njoo unuse. Iko wapi?"

Hakuja kunusa. Alikaa kwenye kiti akiwa ameshika mkoba mapajani, kama mgeni.

"Jumapili ijayo nikija nisipomwona ana nafuu, nitampeleka Majengo akatunzwe," akasema. "Sitaki kugombana. Ni vile tu sitaki afe."

Aliposhuka ngazi nilikaa nikimtazama yule samaki. Hakuwa samaki tena. Binti yangu anafanya kazi mbali, ana Jumapili moja tu katika wiki, na hiyo ameigawa mafungu mawili. Akipata beta wote wawili nyumba moja, atakuja kupanda ngazi zangu kufuata nini? Mama yake alianza hivyo hivyo, anapeleka kitu kimoja Majengo, kesho kingine, mpaka siku moja nikaona na sufuria haipo.

Jumanne maji yakaja. Nikasema nitawaonyesha kazi. Nilimtoa beta nikamweka kwenye bakuli na maji yake kidogo, nikamimina yote yaliyobaki kwenye ndoo ya deki, nikasugua kioo na mawe kwa sabuni ya unga mpaka vikalia. Nikasuuza, nikajaza maji mapya moja kwa moja kutoka kwenye bomba, baridi, bado yana harufu ya dawa ya kuyasafisha. Nikamrudisha. Alizunguka mara mbili kwa kasi, halafu akalala ubavu.

Binti yangu alikuwa kazini, simu yake imezimwa. Nilikuwa na namba ya yule bwana tangu enzi za unga na dawa, sikuwahi kuifuta. Sitasema niliitazama simu kwa muda gani. Samaki alikuwa anapigapiga shavu. Nikabonyeza, nikamweleza nilichofanya.

"Usimguse kwa mkono," akasema. "Mrudishe kwenye bakuli ulilomtoa, kama maji yake yangalipo. Nakuja."

Alikuja na mtungi wa lita ishirini begani, orofa zote tatu. Mwenye mtungi hakuhema, niliyemfungulia mlango ndiye niliyehema. Ana umri kunishinda, na mgongo umenyooka kama wa askari.

"Hodi humu ndani. Salaam, ndugu yangu."

Kiswahili chake kimepigwa pasi. Hata hicho nilimwonea wivu.

Maji ya mtungi yalikuwa yamekaa dukani kwake siku mbili bila kifuniko, dawa ya bomba imekwisha kutoka. Alimtilia samaki kikombe kidogo kwenye bakuli, akangoja, akatia kingine. Mikono yake haikuwa na haraka. Samaki akainuka, akasimama kichwa juu, akakaa hivyo. Ndipo yule bwana akatoa mfukoni kichupa cha matone ya kupimia maji na bomba dogo la kioo.

"Maji aliyokuwa anaishi ndani yake umeyamwaga?"

"Huku hatumwagi maji," nikasema. Nikamwonyesha ndoo ya deki.

Akachota kidogo, akatia matone, akatikisa. Akaniambia yakibaki manjano ni salama. Manjano ikawa kijani, na kijani ikazidi, mpaka ikawa kama sukuma wiki iliyochemka.

"Hii ndiyo amonia?"

"Ndiyo hii. Imetoka kwenye mavi yake na chakula kilichooza chini. Huyu mdogo hawezi kumaliza omena yote hiyo, bwana."

"Mbona haikunuka?"

Akafikiri kabla ya kunijibu. Hilo nampa, alifikiri.

"Ile uliyoijua wewe ni nyingi, ya kuua watu. Hii ni kidogo, pua ya mtu haiipati. Anaipata yeye aliye ndani, na hana mlango."

Sidhani alikusudia lolote kwa kusema mlango. Ni neno tu. Lakini nilikaa kitandani. Kwa zaidi ya miaka kumi nimekuwa nikimtaja yule foreman na chai yake kantini. Nami, kwa wiki tano, asubuhi mpaka jioni, nilikuwa nikinywa chai yangu mbele ya kile kioo.

Sikumwambia hayo. Nilisema, "Basi fanya unavyojua."

"Utafanya wewe. Mimi nitakuonyesha."

Akanionyesha. Nisuuze kioo na mawe mpaka sabuni yote iishe, tena maji ya kusuuza niyaweke ya choo, akasema kabla sijauliza. Nimpe punje mbili, na siku moja katika wiki nisimpe kitu. Kila asubuhi nitoe robo ya maji na kurudisha robo iliyokaa kwenye ndoo wazi siku mbili, tena isiwe baridi kuliko ile iliyomo. Halafu akafungua karatasi, ndani mlikuwa na majani makavu ya mti wa mkungu, aliyotumiwa kutoka kwao Pwani. Akatumbukiza moja, maji yakageuka rangi ya chai hafifu.

"Linasaidia kidonda," akasema. "Kwetu hata watoto wanajua."

Kwenu, nikasema moyoni. Kwenu kuna kila kitu.

Alirudi Alhamisi na mtungi mwingine, na Jumamosi na mwingine, kwa sababu maji yangu yaliyokwisha kukaa yalikuwa hayatoshi. Nilimpa chai. Hatukumtaja mama ya binti yangu. Tulizungumza habari za samaki, na za magoti, maana magoti yake pia si mazima kama nilivyodhani. Hilo, Mungu anisamehe, lilinifurahisha.

Jumapili mapezi yalikuwa yameacha kuoza. Ukiinama karibu sana uliona ukingo mpya, mwembamba, usio na rangi, kama nailoni. Binti yangu alifika, akaweka mkoba, akaenda kwenye kioo kabla ya kunisalimia. Alimtazama kwa muda.

"Baba, umemponya."

Nilikuwa nimejipanga. Tangu asubuhi nilikuwa nikitafuta namna ya kumwambia aliyefanya kazi ni nani, nimwambie mimi mwenyewe, kiume, aone naweza. Akaendelea:

"Mzee aliniambia. Alisema umempambania peke yako, yeye alikuletea tu majani."

Nilihisi kama mtu aliyeamka mapema kwenda kupanga foleni ya maji, akakuta mitungi ya jirani iko mbele. Hata ukweli wangu alikuwa ameniwahi, tena kwa kunisifu. Ningeweza kuinyamazia ile sifa. Ilikuwa imeshaingia ndani, imekaa.

"Amekudanganya," nikasema. "Alibeba maji mpaka hapa mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa namuua. Alisema amonia na ilikuwa amonia."

Akageuka. Sikumwangalia usoni, nilitazama ndoo.

"Na saa hii nani anamtunza?"

"Mimi. Leo nimebadilisha robo. Uliza."

"Nimuulize nani, samaki?"

Nikacheka, kikohozi kikanishika, akanipiga mgongoni mpaka kikaisha. Alikuwa amekuja na chupa ya kioo yenye mdomo mpana, niliiona ikichungulia kwenye mkoba, na nilijua ni ya kumpeleka nani Majengo. Akaitoa. Akaikagua, akaipangusa kwa kitambaa changu.

"Weka sukari," akasema. "Ile ya karatasi inaingia sisimizi."

Nikamimina sukari. Akakaa kwenye kiti, safari hii mkoba ameuweka chini, akaomba chai, na mkate akaula. Akaniambia habari za kazini. Halafu akakumbuka kitu, akachukua simu.

"Wa kule ametengeneza kiota cha povu juu ya maji. Muuzaji amesema wanafanya hivyo wakiwa na raha."

"Kikubwa kiasi gani?" nikauliza.