Maziwa ya Gaju

Mke wangu Jolie amepima damu ya ng'ombe kwa miaka mingi hapa Toronto, na hajawahi kumgusa ng'ombe hata mmoja wa Kanada. Damu humfikia maabara kwenye vichupa, kutoka mashamba tusiyoyajua, naye huitia dawa na kungoja ibadilike rangi. Anautafuta brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, na ambao kupitia maziwa mabichi unaweza kumfanyia mwanamke yaleyale. Haupati. Kila jioni anarudi mtaani kwetu, Kingsview Village, amechoka kama mtu aliyeupata.

Kinachomchosha si kazi, ni simu za Jumapili. Mdogo wake, Nathanaël, alibaki Kongo, milimani juu ya Uvira, na ng'ombe wa mama yao. Mwaka 2011 ng'ombe mmoja, Gaju, alitupa mimba, na haukupita muda mke wa Nathanaël akapoteza yake. Mwaka uliofuata shemeji akashika mimba tena, na bado alikuwa anakunywa maziwa ya Gaju, mabichi.

"Pikisheni hayo maziwa," Jolie humwambia.

"Ndiyo, yaya," hujibu Nathanaël, maana kwao dada mkubwa huitwa yaya, na hapikishi.

Hathubutu, kwa sababu Gaju ni wa mama, na mama anaishi kwetu, anashona dirishani. Kwao maziwa hayawekwi motoni. Ukiyachemsha, chuchu za ng'ombe hupasuka na maziwa hukauka. Mimi nilikasirika hadi nikakosa usingizi. Mtaalamu yumo ndani ya nyumba na shemeji anakunywa maradhi! Lakini mkwe hamsemeshi mama mkwe mambo ya ng'ombe wake, basi nikameza hasira pamoja na ugali. Nilijiambia sikio la kufa halisikii dawa.

Jumapili moja ya baridi kali tulirudi kanisani, Jolie akapiga simu, akapewa "ndiyo, yaya" yake, akakata. Safari hii hakugombana na mama kama Jumapili nyingine. Alijitupa kwenye kochi bila kuvua koti. Nadhani kimya hicho kilimtisha mama kuliko kelele zote za nyuma.

"Na ng'ombe wa huku, mwanangu?" akauliza. "Wakigonjwa hivyo, munawafanya namna gani?"

"Wanachinjwa, mama. Ukionekana kwa mmoja, wanaweza kuchinja zizi lote. Njo maana miye sipati kitu mu labo."

"Hata wenye mimba?"

"Hata wenye mimba."

Hakuwa anabishana. Alijibu amefumba macho, kama muuza duka anayetaja bei wakati wa kufunga. Mama aliweka sindano chini. Kisha akanigeukia mimi.

"Mukwe, niitie Nathanaël."

Nikabonyeza namba, nikampa simu. Mama aliishika simu mbali na sikio, akapaza sauti bila salamu.

"Pikisha maziwa. Yote. Gaju akikauka, akauke. Lakini asichinjwe, na bibi yako azae."

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia. Nikamkimbilia Jolie asikie kwa masikio yake. Alikuwa ameshalala, koti mwilini, buti miguuni. Nilipoinama kumtikisa, mama akanishika mkono, machozi yanamtiririka.

"Umuache," akasema. "Tumemuchokesha."