Vumilia na Furu Asiyelijua Ziwa

Mkiniita mwongo baada ya haya sitashangaa. Hapa Nkome naitwa hivyo hata nikisema mvua inanyesha na sote tumelowa.

Mpwa wangu Vumilia amekulia mchangani akianika dagaa. Sasa analea samaki kwenye tangi la kioo, kazi aliyopewa na wataalamu wa samaki. Si wa kula. Ni furu mwekundu, ambaye wazee walimchota ziwani kwa ndoo kabla sangara, yule mla samaki wenzake, hajammaliza. Kumbe zamani Wazungu walibeba wachache, wakawazalisha kwao kizazi baada ya kizazi, na sasa wamerudishwa dume na jike, tuone kama watazaa. Samaki amepanda ndege, mimi mwenye darasa la tano sijapanda.

Jike akataga, akayaokota mayai yote mdomoni, akafunga. Hali, hatafuni. Nikamhurumia, nikammegea ugali. Vumilia akanidaka mkono juu ya maji.

"Mjomba, akimeza chakula atameza na watoto. Mdomo wako haujawahi kulea kitu, huwezi kuelewa."

Nikacheka, lakini nikachuchumaa pale kwenye kioo. Jamani. Kidevu kimevimba, na nyuma ya ngozi ile nyembamba vijicho vya watoto vinazunguka. Mama yake jike huyu alizaliwa kwenye kioo, bibi yake vilevile. Ziwa hajawahi kulionja. Nani alimwambia kwamba watoto wa kwao hulelewa hivi? Nikajikuta nimevua kofia.

Mchana mmoja umeme ukakatika, pampu ya hewa ikanyamaza. Vumilia akasema jike akikosa hewa atawatema, na wakitemwa wachanga hivyo hawaponi, na jike mwingine hatuna. Akashika kopo. Anachota maji, anayamwaga toka juu yapate hewa, anachota, anamwaga, mpaka akachoka. Hapo nikampokea mimi. Nikamwaga peke yangu hadi jua likazama na umeme ukarudi, na wiki iliyofuata yule mama akafungua mdomo, wakatoka furu kama mchanga, mamia kwa mamia, tangi likajaa, wale wa mbele wakanikazia macho wakasema shikamo—

"Mjomba," anasema Vumilia, ambaye kumbe amesimama nyuma yangu akisoma ninayoandika. "Ulimwaga makopo mawili ukalala. Na walikuwa saba. Andika saba."