Kisima cha Mataruma

Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi moja tu: kuloweka mataruma ya reli. Mbao ziliingia karakanani zikiwa nyeupe, bado zinanukia utomvu, zikasukumwa ndani ya tangi refu la chuma na kupikwa humo pamoja na mafuta mazito ya lami. Zikitoka zilikuwa nyeusi tii, tayari kulazwa chini ya reli na kustahimili mvua na mchwa miaka na miaka. Wenyewe waliiita kazi hiyo kuzitia mbao dawa, kwa hiyo wakambandika jina la Dokta, nalo likamganda. Akiulizwa wagonjwa wake wanaendeleaje, alijibu kwamba hajapata kuona wagonjwa wastaarabu kama wale: hawalalamiki na hawaombi ruhusa.

Viganja vyake vilibabuka tangu ujana. Mkewe alizifua nguo zake za kazi kwenye beseni lake peke yake, maana harufu ile iliingia hata kwenye mito ya kulalia. Mama huyo alifariki miaka sita kabla ya haya tunayoyasimulia, kwa uvimbe wa tumboni uliogunduliwa wakati umeshapita, akamwachia Dokta binti mmoja, ambaye sasa alikuwa mkata tiketi kwenye stesheni mpya.

Walikaa kwenye kota za reli, nyuma ya uzio wa karakana. Zamani, bomba la kota lilipokauka na wakubwa wakawa wanapiga danadana kila wakiulizwa, Dokta alichimba kisima katikati ya nyumba za kota. Udongo wa pale ulikuwa wa mchanga, kila akishuka kimo cha mtu ukingo unaporomoka. Mnyapara wake akamwambia achukue mataruma yaliyong'olewa kwenye njia ya reli, yamelundikana tu yanawazibia nafasi. Dokta akayapanga shimoni kwa pembe nne, moja juu ya jingine, mpaka kwenye maji. Kisima kikasimama imara. Familia ishirini zilichota hapo. Maji yalikuwa na kaharufu, lakini Dokta aliwaambia dawa ile inafukuza wadudu, wakacheka, wakazoea. Wanawake waliojifungua kota walimwombea dua. Hakuna kitu maishani mwake alichojivunia kama kisima kile.

Kisha reli ikabadilika. Yakaja mataruma ya zege na treni za umeme, na waliokopesha fedha za njia mpya wakataka kampuni ioneshe kwamba ardhi yake ni safi. Karakana ikafungwa, tangi likakatwa vipande. Akatumwa mtaalamu wa mazingira, msichana wa rika la binti yake Dokta, mwenye buti za mpira na sanduku la chupa, aje kupima udongo.

Alimwita Dokta baba, na Dokta akampenda kama mwanawe. Siku tatu alimtembeza, akimwonesha mahali tangi lilipovuja, mahali walipomwaga mashapo ya lami, na mtaro uliobeba maji meusi kila mvua iliponyesha. Ilikuwa miaka mingi hajaulizwa na mtu juu ya kazi yake, na ulimi wake ulifunguka.

Siku ya nne mtaalamu akauliza watu wa kota wanakunywa maji gani. Dokta akampeleka kisimani mwenyewe, kifua mbele. Yule msichana akainama, akamulika chini kwa tochi, akanusa ndoo, akajaza chupa moja. Kina mama waliokuwa wakichota wakasogea kando.

"Baba, nani aliyejengea kisima hiki kwa mataruma?"

Dokta akaanza kukunja kamba ya ndoo. Akasema kisima ni cha zamani sana. 

Majibu ya vipimo yalikuja baada ya wiki tatu. Mtaalamu alikwenda nyumba hadi nyumba akiwaeleza watu wasiyanywe tena maji yale wala wasiyapikie. Kwa Dokta alikaa kidogo. Dokta akamuuliza kama dawa ile inaweza kuua mtu. Akajibiwa kwamba kwa miaka mingi inaweza kuleta maradhi mabaya, lakini hakuna anayeweza kusimama kwenye kaburi la mtu mmoja akasema huyu aliuawa na hii. Mtaalamu alikuwa ameona picha ya marehemu mke wa Dokta ukutani na alisema hivyo kwa upole. Dokta aliitikia. Chai aliyomwekea mgeni ilipoa bila kuguswa, maana wote wawili walikumbuka ilipikwa kwa maji gani.

Kampuni ikaitisha mkutano na watu wa kota. Jioni iliyotangulia, wakazi walikusanyika kwa dereva wa treni mstaafu, aliyekuwa msemaji wao, wakaafikiana. Wangesema kisima kilichimbwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wake, kwa hiyo kampuni ilete bomba na kuwatibia wagonjwa. Hakuna aliyemtaja Dokta kwa jina. Dereva alimtazama tu, naye akatikisa kichwa kukubali.

Kesho yake, ndani ya karakana tupu, meneja alisoma mipango ya kampuni. Udongo wote ndani ya uzio ungechimbwa na kuchukuliwa, na miti ingepandwa. Dereva akasimama na kueleza habari ya kisima kama walivyokubaliana. Meneja akanong'onezana na wenzake, kisha akasema kwamba kama kisima ni kazi ya kampuni, kampuni haitakwepa wajibu wake. Watu wakatazamana kwa matumaini.

Ndipo akainuka fundi cherehani, jirani aliyepakana ukuta na Dokta. Binti yake alikuwa na vidonda vya miguu visivyopona. Alitakiwa kueleza ugonjwa huo tu, lakini alipoanza kulia hakuweza kujizuia. Akauliza ni mtu gani asiye na huruma aliyewafanyia hivi, akalirudia swali mara mbili.

Dokta akasimama. Binti yake alimshika shati, akamvuta chini. Hakuketi.

"Ni mimi," alisema. "Nilichimba kwa mikono yangu. Nilidhani nawasaidia. Mke wangu naye aliyanywa."

Alieleza kwamba mnyapara alimruhusu. Meneja akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama kuna karatasi ya ruhusa hiyo. Haikuwapo, na mnyapara alishazikwa. Meneja akaandika kitu, akafunga faili. Kampuni, alisema, inasikitika, lakini haiwezi kubeba kazi ya mtu binafsi iliyofanywa nje ya uzio kwa mali isiyotolewa rasmi.

Watu walitoka bila kelele. Kelele ingekuwa nafuu. Dereva alimpita Dokta kama anayepita nguzo.

Siku ya pili yake fundi cherehani alikuja mlangoni, hakuingia.

"Yule msichana alipokuuliza pale kisimani, kwa nini hukusema? Na kama uliweza kunyamaza siku ile, kwa nini ulisema jana?"

Dokta alitafuta jibu. Angeweza kusema kwamba hakuvumilia kusikia kilio kile kikielekezwa kwa mtu mwingine. Lakini aliona hilo lilikuwa la kumtuliza yeye tu, halingemletea mwenzake tone la maji. Akasema hajui.

"Basi," alisema fundi cherehani, akaondoka.

Wiki ile Dokta alianza kung'oa mataruma kisimani kwa mtaimbo na kamba. Hakuna aliyekuja kumsaidia isipokuwa binti yake, akitoka zamu, na sare yake ikaharibika kwa lami. Lori lililobeba uchafu wa karakana lilikataa kuyachukua, kwa sababu yalitoka nje ya uzio. Yakabaki yamerundikwa kando ya nyumba, nao wakalifukia shimo kwa mchanga.

Mtaalamu alikuwa ameandika habari ya kisima katika ripoti yake, ukurasa mzima. Alimpigia Dokta simu kumwambia, na kumwambia pia kwamba ripoti iliyochapishwa haikuwa na ukurasa huo. Sauti yake ilikuwa imechoka. Aliahidi kuendelea kuisukuma kampuni, na hakusema uongo, kwa maana baada ya miezi minane kampuni iliweka bomba moja kwenye lango la stesheni. Kufikia hapo fundi cherehani alishahama na binti yake, na nyumba sita za kota zilikuwa tupu.

Foleni ya bombani ilianza alfajiri. Dokta alikwenda mara mbili. Hakuna aliyemtusi. Walimpisha achote kwanza, wote, wakirudi nyuma hatua moja kama anavyopishwa mgeni au mgonjwa, na hakuna aliyemsalimu. Mara ya tatu binti yake alimpokonya ndoo mlangoni, akasema atakuwa akienda yeye kabla ya zamu. Dokta akamwachia, akarudi ndani, akasubiri maji.