Barua ya Siku Saba

Idarani walimwita Bwana Vichupa, na jina hilo alilipenda kuliko cheo chake. Kwa miaka ishirini na sita alizunguka na kisanduku chenye barafu na vichupa sita, akipima maji yanayotoka kwenye mitambo midogo ya majitaka, ile inayochimbiwa nyuma ya magorofa na shule za bweni, mahali ambapo bomba kubwa la mji halijafika wala halina nia ya kufika. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kinachoingia mtaroni kimesafishwa kwanza. Katika miaka yote hiyo hakuna mtambo uliowahi kufeli mikononi mwake. Hata mmoja! Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Bwana Vichupa alijipongeza.

Siri ya ufaulu huo haikuwa siri. Siku saba kabla ya ziara, idara ilipeleka barua yenye muhuri: tutafika tarehe fulani, saa nne asubuhi. Mtunza mtambo akiipokea, alikwenda kuwasha mashine ya kupuliza hewa, maana bila hewa vijidudu vinavyokula uchafu ndani ya tangi hufa, na maji hutoka yalivyoingia. Mashine ilinguruma wiki nzima. Siku ikifika, afisa alikuta maji yanayotazamika, akajaza kichupa, akanywa soda aliyoandaliwa, akatia saini. Gari lake likikata kona tu, mashine ilizimwa mpaka barua nyingine, miezi mitatu baadaye.

Kifungu cha siku saba hakikushuka kutoka mbinguni. Alikiandika yeye mwenyewe. Katika mwaka wake wa tatu kazini alikwenda kwa kushtukiza kwenye magorofa ya manjano, na mbwa wa pale, ambaye hakuwa amesoma kanuni, alimkamata suruali akabaki na nusu yake. Bwana Vichupa alirudi ofisini kwa kupita vichochoroni, faili kalishikilia nyuma. Kabla hata hajabadili nguo aliandika pendekezo la kurasa nne: kwa usalama wa maafisa, kila mtambo upewe taarifa mapema, na sampuli yoyote itakayochukuliwa bila taarifa ihesabiwe kuwa batili. Hayo ya ubatili aliyaongeza kwa hasira, ili asitokee mkubwa wa kumtuma kule tena. Pendekezo likapita bila kupingwa. Maafisa wote walikuwa na suruali.

Mambo yakaenda hivyo, raha mustarehe, mpaka binti yake wa mwisho alipopanga vyumba viwili nyuma ya magorofa yale yale ya manjano, dirisha likitazama mtaro. Akajifungua akiwa hapo. Mtoto alipoanza kutambaa, akaanza na kuharisha. Akipona Jumatatu, Ijumaa karudia. Mara ya tatu alilazwa, wauguzi wakatafuta mshipa wa kichwani kwa sababu wa mkononi ulikuwa umepotea. Babu mtu alisimama kando ya kitanda kile, akaogopa kuliko alivyomwogopa mbwa.

"Baba, mtaro ule unanuka mpaka kwenye chai," binti alimwambia. "Si wewe ndiye unayepima?"

"Ule mtambo umefaulu, mama. Mwezi uliopita tu."

"Umefaulu nini?"

Kutoka wodini alikwenda moja kwa moja kwenye magorofa, bila barua, bila gari la idara, akitazama huku na huku. Mbwa hakuwepo. Alikuwepo mtunza mtambo, mtu mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Mashine ya hewa ilikuwa imefunikwa gunia, na juu ya gunia kuku alikuwa anaatamia.

"Imezimwa tangu lini hii?"

"Tangu ulipoondoka, mzee," alisema yule bwana bila haya. "Barua nyingine si bado? Ikija, kuku namhamisha."

"Kwa hiyo bila barua huwashi?"

"Mzee wangu, mwenye nyumba anasema mashine inakula umeme. Kaniambia, wewe fuata barua. Mimi nafuata barua. Nimekosea wapi?"

Hapakuwa na mahali alipokosea, na hilo ndilo lililomuuma Bwana Vichupa njia nzima. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba wakati mwingine humtanguliza mjukuu.

Kesho yake aliandika barua. Tutafika baada ya siku saba, saa nne asubuhi. Siku ilipofika hakwenda. Akaandika nyingine, kwamba ziara imesogezwa mbele wiki moja. Kisha nyingine. Kila Jumatatu barua ilitoka na muhuri wake, na kila Jumatatu kuku alikaa bila makao. Mitambo mingine duniani huendeshwa kwa umeme. Ule uliendeshwa kwa karatasi. Baada ya mwezi na nusu harufu ilipungua, maji ya mtaroni yakawa yanaonyesha mawe ya chini, na mtoto akanenepa mashavu. Bwana Vichupa alikuwa akimpakata na kumpima kwa macho kama alivyopima vichupa, tofauti ni kwamba huyu alimpima kweli.

Barua ya kumi na moja ndiyo iliyomponza. Mkuu wa idara, mwanamke aliyemzidi vyeo na kumpungukia miaka, alimwita ofisini. Mezani aliweka nakala zote kumi na moja.

"Mzee wangu, barua kumi na moja, ziara hata moja. Mwenye magorofa analalamika tunamsumbua."

"Mkuu, lakini maji yamesafika."

"Mimi sijakuuliza maji. Nakuuliza barua. Kanuni inataka barua moja kila miezi mitatu."

"Mashine haiwaki bila barua, mkuu."

"Basi hiyo ni ya fundi, siyo ya kwetu." Akazikusanya nakala, akazitia kwenye droo, akaifunga kwa ufunguo.

Barua zikakoma, kuku akarudi kazini. Wiki ya tatu mtoto aliharisha tena. Bwana Vichupa, ambaye hakuwahi kufanya jambo bila fomu, alivaa viatu vya mpira akaenda mwenyewe mpaka mdomo wa bomba la magorofa, akajaza vichupa vyote sita. Maabara walipiga simu kuuliza kama amekosea akachota ndani ya tangi lenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuandika neno "haufai".

Kamati ya idara ilikaa. Mwenyekiti alisoma majibu, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akafungua kitabu cha kanuni.

"Taarifa ya siku saba ilitolewa?"

"Haikutolewa."

"Basi hii si sampuli. Kifungu kiko wazi mno. Aliyekiandika alikuwa mtu makini."

Wajumbe wakacheka kwa heshima, maana saini ilikuwa pale chini. Bwana Vichupa akasimama akaomba kifungu kifutwe. Mwenyekiti akampekulia faili la zamani akamwonyesha: kifungu kiliwekwa kwa sababu ya mbwa. Kukifuta, kamati ingehitaji uthibitisho wa maandishi kwamba mbwa huyo hayupo tena.

"Mbwa wa miaka ishirini na mitatu iliyopita, mwenyekiti?"

"Faili halisemi amekufa."

Naye, Mungu amsamehe, alikwenda kuuomba. Mtunza mtambo alimwonyesha mahali mbwa alipozikwa, nyuma ya tangi, zamani sana. Lakini kuandika alikataa katakata. "Nikiandika hivyo, mzee, nyinyi mtakuja siku yoyote. Mimi kuku wangu nimpeleke wapi?"

Jioni hiyo alimweleza binti yake yote, pamoja na ya suruali, ambayo hata mke wake hakuwahi kuambiwa. Binti alisikiliza huku akimnywesha mtoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko.

"Kwa hiyo mbwa alikung'ata wewe," alisema, "na anayeumwa ni huyu."

Bwana Vichupa akalia, mtu mzima na mvi zake. Kisha akafanya kile alichoweza: akafunga mizigo, akawahamishia nyumbani kwake, ghorofa ya pili, mbali na mtaro. Ndani ya wiki mbili mtoto alikuwa anapanda makochi. Babu akarudi kujipongeza kidogo, kama kawaida yake.

Jumamosi moja asubuhi binti alitoka kumwogesha mtoto, akamwaga beseni, akasimama akisikiliza maji yakiteremka ukutani.

"Baba, haya ya kwetu yanakwenda wapi?"

"Kwenye mtambo wetu huo hapo nyuma. Namba kumi na nne."

"Umefaulu?"

"Kila mara."

"Na kule chini anakaa nani?"

Hakujua. Miaka kumi na tisa ameishi kwenye jengo lile, mtambo wake ameupima mwenyewe, na hakuwahi kufuata mtaro hata hatua hamsini. Alivaa viatu vya mpira, akachukua kisanduku, akashuka. Nyuma ya ukuta maji yalitoka meusi, yakapinda kushoto kati ya vyumba vya mabati, mbele ya mlango ambapo mama mmoja alikuwa anaanika nepi. Mbwa akatoka uvunguni mwa mkokoteni, akabweka. Bwana Vichupa hakukimbia, alishika tu suruali yake kwa mkono mmoja. Akamwamkia yule mama, akamuuliza mtoto anaendeleaje.

"Anaharisha," mama alisema. "Wewe ndiye wa barua, ile inayosafisha maji haya wiki moja tu?"