Mstari wa Saba wa Ada ya Wakili

Mafundi walimwita Timazi, kama ule uzi wa kupimia wima, maana ukuta wake haukuwahi kupinda. Alianza kwa kubeba zege, akapanda mpaka akawa mkandarasi mwenye mafundi kumi na wawili chini yake, na kalamu haikukosa sikioni. Ikija karatasi alipapasa mfuko. "Miwani nimeisahau nyumbani. Hebu nisomee wewe." Miwani yenyewe hakuwahi kuwa nayo.

Mwenye jengo moja la ghorofa alipogoma kumlipa, shauri lilikwenda kwa msuluhishi, kama mkataba ulivyotaka. Timazi akashinda, na msuluhishi akaamuru alipiwe hata ada ya wakili wake. Hapo mwenye jengo akakimbilia mahakamani: deni atalipa, ila ada ile imetiwa chumvi.

Siku ya kusikilizwa Timazi alivaa shati la pasi. Ubavuni alikaa binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. Nyuma yao, mafundi watatu.

"Sikuja kusuluhisha upya," jaji alisema. "Nataka kujua tu kama ada hii ina maelezo." Akashuka na orodha ya kazi za wakili mstari kwa mstari: kuandaa madai, kukagua ramani, kwenda kwenye jengo. Wa saba ukamsimamisha.

"Kumsomea mteja mkataba na barua, jumla saa kumi na moja. Wakili, mteja wako hawezi kusoma mwenyewe?"

Wakili wa mwenye jengo akacheka kipuani. "Mheshimiwa, huyu ni mkandarasi. Kila ukurasa kaweka saini. Hizo saa ni za kupikwa."

Wakili wa Timazi, kijana ambaye mteja wake alimwapisha tangu siku ya kwanza asimwambie mtu siri yake, akamwinamia. "Mzee, niseme? Nikinyamaza zinakatwa, na mimi naonekana mwizi."

Timazi akatupa jicho nyuma, kwa mafundi wake. Angeweza kuzilipa saa hizo mwenyewe, yakaisha kimya kimya. Lakini kijana wa watu alimsomea kweli, neno kwa neno, wala hakumcheka hata siku moja. Akasimama.

"Mheshimiwa, alinisomea. Mimi kusoma sijui. Hata hiyo saini naichora tu."

Nyuma fundi mmoja akakohoa. Binti hakugeuka.

Jaji akaandika kwa muda mrefu, kisha akasema ada ibaki ilivyo, yote.

Nje, kwenye ngazi, karani akampa Timazi nakala ya uamuzi. Akaikunjua, na macho yakaanza kutembea juu ya mistari, kichwa kikitikisika kidogo kama cha mtu anayekubaliana na jambo. Halafu akaona binti yake anamtazama.

"Baba, ripoti zangu za shule ulikuwa unaziangalia hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, mwanangu."

"Ndiyo maana ile niliyofeli ulinipongeza." Akaitazama ile karatasi. "Miaka yote hii nikidhani ulinionea huruma."

Timazi akaikunja karatasi, akaikunja tena na tena, ikawa ya kuenea kiganjani, na asijue aiweke wapi.